Ameruhusiwa, lakini anaweza? Kisa cha kitanda namba 14

Kisa hiki ni cha kufundishia. Nimekiunga kwa mambo yanayotokea mara kwa mara kwenye wodi za mifupa za hospitali zetu za mikoa, kwa hiyo asitafutwe mgonjwa wala hospitali. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kujadili tukio la wodini atayatambua mengi humu, hata majibu yaliyotolewa kikaoni.

Mgonjwa

Bibi wa miaka 71, mkazi wa mji wa pwani. Aliteleza uani akibeba ndoo ya maji, akavunjika shingo ya mfupa wa paja, mguu wa kushoto. Kabla ya hapo alikuwa anajitegemea: anapika, anakwenda sokoni, anaswali swala zote tano kwa kusimama, kurukuu na kusujudu. Ana presha, anameza amlodipini kila siku asubuhi.

Alhamisi akafanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mgongoni. Akawekewa kichwa cha chuma aina ya Austin Moore, na daktari bingwa akapitia upande wa nyuma wa nyonga. Hilo la kupitia nyuma ndilo lililobeba kisa chote. Ukipita huko, misuli midogo na utando unaoishikilia nyonga kwa nyuma hukatwa, kisha hushonwa. Mpaka vipone, kwa kawaida wiki 6 hadi 12, kuna mienendo mitatu inayoweza kukitoa kichwa kile mahali pake: kuikunja nyonga kupita nyuzi 90, kuvusha mguu ule juu ya mwingine, na kuugeuzia mguu ndani. Wodini tunayaita masharti ya nyonga.

Maagizo ya baada ya upasuaji yalikuwa kamili, kwa mtu anayeyasoma akiwa chumba cha upasuaji: dawa ya kuzuia maambukizi, dawa ya maumivu, sindano ya kuzuia damu kuganda, picha ya kuhakiki. Mstari wa mwisho ulisema atembezwe kuanzia kesho, akanyage kadiri anavyovumilia. Sioni kosa katika agizo hilo. Mzee aliyetengenezwa nyonga akilazwa siku nyingi anapata nimonia, anaganda damu miguuni, anatoka vidonda vya mgandamizo. Mwongozo wa mwaka 2011 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, kuhusu nyonga iliyovunjika unataka mgonjwa aanze kusimamishwa siku inayofuata upasuaji, isipokuwa kama kuna sababu ya kumzuia. Masharti ya nyonga hayakuandikwa kwenye maagizo. Kwa daktari aliyeandika kwenye taarifa ya upasuaji kwamba amepitia nyuma, masharti yalikuwa yanajulikana. Yeye alikuwa anayajua.

Ijumaa asubuhi

Saa 4 mtaalamu wa fiziotherapia akafika kitandani. Alimpima presha akiwa amelala: 142/84. Akamketisha ukingoni, akamsimamisha kwa fremu ya kutembelea, ile tunayoiita woka, akisaidiwa na mwanafunzi wake. Dakika ya pili presha ilikuwa 114/70 na bibi akasema, "Mwanangu, macho yanaingia giza." Akamrudisha kitandani taratibu.

Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama, huyo ni mtu anayeweza kuanguka wakati wowote. Huyu yake ya juu ilishuka kwa 28, na ya chini kwa 14. Amepoteza damu kwenye upasuaji, anameza dawa ya presha, anapewa tramado ya maumivu inayoleta kizunguzungu yenyewe, na hajala vizuri tangu Jumatano.

Mtaalamu yule aliandika vizuri sana. Amesimama kwa woka, watu wawili, presha imeshuka, asitoke pembeni ya kitanda, masharti ya nyonga ameelekezwa, choo atumie bedpani, chombo cha kujisaidia kitandani. Aliandika kwenye rejista ya idara ya fiziotherapia. Rejista inakaa ofisini kwao, ghorofa ya chini, na ofisi hufungwa saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa.

Kabla ya kuondoka alimpitia muuguzi aliyekuwa anachanganya seftriaksoni, sindano za kuzuia maambukizi, za chumba kizima.

"Sista, bibi wa 14 kichwa bado kinamzunguka. Asisimame bila watu wawili."

"Sawa, dada, nimesikia."

Alisikia kweli. Tusije tukasema baadaye kwamba hakusikia.

Ripoti tano

Kutoka Ijumaa mchana hadi Jumamosi usiku bibi alikabidhiwa mara tano. Ijumaa saa 8:30 mchana ripoti ilisema amesimamishwa na mtu wa fizio kwa woka, alipata kizunguzungu kidogo. Saa 1:30 usiku: amesimama na woka. Jumamosi asubuhi daktari intani, yaani aliye mafunzoni, wa wikendi alipita, akakuta kidonda kikavu, homa hakuna, akaandika hali nzuri, aendelee na mazoezi. Mchana: anafanya mazoezi. Usiku, muuguzi aliyepokea wodi alisomewa hivi: "Kumi na nne, siku ya pili baada ya upasuaji, hana shida, anatembea."

Hakuna aliyesema uongo hapo. Kila mmoja alifupisha kidogo alichopewa, na wodi yenye vitanda zaidi ya 30 huwezi kuikabidhi bila kufupisha. Ila tazama kilichoanza kudondoka. Kwanza idadi ya watu wa kumsaidia, kisha kizunguzungu, kisha woka. Masharti ya nyonga hayakudondoka kwa sababu hayakuwahi kuingia. Kilichobaki ni kitenzi kimoja, na kwa kuwa kilitoka kinywani mwa mwenzako akisoma daftari la ripoti, kikasikika kama kitu kilichothibitishwa.

Saa 11 alfajiri

Usiku ule zamu ilikuwa muuguzi mmoja na mhudumu wa wodi mmoja. Mgonjwa wa ajali ya bodaboda alikuwa ameingia saa 8 usiku, na muuguzi alikuwa bado anahangaika naye. Binti wa bibi alikuwa ameruhusiwa kulala pale kwa sababu ya umri wa mama yake. Adhana ikasikika. Bibi akataka kwenda msalani, ajisafishe, atawadhe, aswali.

Bedpani alizikataa tangu Ijumaa. Wodi ilikuwa nazo mbili, pazia halikufika mwisho wa reli, na vitanda vya jirani vilikuwa na wageni mpaka saa 12 jioni. Lakini zaidi ya aibu kulikuwa na twahara, usafi wa mwili unaotakiwa kabla ya swala. Kwa mtu kama yeye, kujisafisha kwa karatasi ukiwa umelala chali kisha useme uko tayari kwa swala ni jambo zito. Dini ina nafasi kwa mgonjwa, aswali amekaa au amelala, atayamamu maji yakishindikana, na bibi mwenyewe angeweza kukufundisha hayo. Hakuna aliyemwambia kwamba yeye sasa ndiye huyo mgonjwa. Aliambiwa ametengenezwa na anaendelea vizuri.

Binti akamuuliza mhudumu, "Dada, mama anaruhusiwa kushuka?"

Mhudumu hakujiamulia. Aligeukia mezani. "Sista, wa 14 anatembea?"

"Eeh, anatembea, ameanza mazoezi juzi."

Hapa ningependa msomaji asimame. Swali liliulizwa. Liliulizwa kwa mtu sahihi, likajibiwa papo hapo, na jibu lilikuwa lile lile lililoandikwa kwenye daftari. Kila mafunzo ya usalama wa mgonjwa niliyowahi kukaa yanahimiza watu waulize. Hawa waliuliza.

Wakamshika huku na huku wakampeleka. Choo cha wodi ni cha kuchuchumaa, safi, na ndoo ya maji na kata pembeni. Kuchuchumaa ni kuikunja nyonga kupita nyuzi 90 kwa mbali, magoti yakisogeleana na mguu ukigeukia ndani pale mtu anapotafuta pa kushika. Ukitaka kubuni namna ya kuitoa nyonga iliyopitiwa nyuma, hutapata iliyo kamili kuliko hiyo. Alipoanza kuinuka alipiga ukelele. Wakamwinua kwa makwapa, wakamrudisha kitandani.

Muuguzi alikuja, akapima presha, akampa sindano ya diklofenaki, akaandika maumivu makali ya nyonga. Binti alikaa anautazama mguu. Akamwambia mhudumu, "Siku alipoanguka mguu ulikuwa umegeukia nje. Sasa umegeukia ndani, na umekuwa mfupi."

Hiyo ni dalili ya kitabuni. Shingo ya paja ikivunjika, mguu hufupika na kugeukia nje. Nyonga ikichomoka kwa nyuma, mguu hufupika na kugeukia ndani. Mtu asiyesomea chochote aliona tofauti, akaitamka kwa usahihi, akamwambia mtu ambaye utaratibu wetu haumpi nafasi ya kusema kwenye ripoti. Mhudumu alimaliza zamu saa 1:30, akapiga deki, akaenda nyumbani. Intani aliitwa saa 3, picha ikapigwa saa 6 mchana, nyonga ikarudishwa Jumapili jioni chini ya dawa ya usingizi bila kupasua tena. Bahati ilikuwepo: mshipa mkubwa wa fahamu unaopita nyuma ya nyonga ungeweza kuumia kwa kusubiri hivyo, na haukuumia.

Na bado haikuisha

Jumatatu ilani ikawa asishuke kitandani. Kwa muda gani, na kwa masharti yapi akishuka, haikusemwa. Wodi nzima ikamwogopa. Mtaalamu wa fiziotherapia aliporudi alikuta agizo hilo, akangoja raundi kuu ya Alhamisi. Bibi alilala siku nne mfululizo, akaanza kukohoa, na ngozi ya juu ya makalio ikawa nyekundu. Alhamisi daktari bingwa alishangaa: alitaka apumzike Jumatatu tu, baada ya dawa ya usingizi.

Nasisitiza sehemu hii kwa sababu vikao huwa vinaishia chooni. Ujumbe ule ule usio kamili ulimtoa kitandani kabla ya wakati, kisha ukamzuia kitandani baada ya wakati.

Kikaoni

Hoja ya kwanza mezani ilikuwa kwamba mhudumu alimpeleka mgonjwa chooni bila idhini. Idhini aliiomba, na alipewa. Hoja ya pili, muuguzi wa usiku hakusoma faili. Nimelifungua faili hilo kwa macho ya muuguzi wa usiku: agizo la daktari linasema atembezwe, noti ya intani inasema aendelee na mazoezi. Angelisoma lote asingekuta mahali panaposema asitoke kitandani, kwa sababu maneno hayo yalikuwa ghorofa ya chini nyuma ya kufuli. Hoja ya tatu ikawa ya kawaida: itengenezwe fomu mpya. Wodi ile ina fomu ya kila kitu, na mbili za kuhesabu fomu.

Mtu mmoja alitaja SBAR, ule mpangilio wa kutoa taarifa ulioanzia kwenye nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani kabla ya hospitali kuuchukua: hali ilivyo, historia, tathmini, pendekezo. Ni mzuri, hasa unapompigia daktari usiku. Lakini hapa ungejazwa neno lile lile, anatembea, kwenye kisanduku cha tathmini, na likatua salama usalimini.

Mimi naona tatizo lilikuwa jingine. Tunapozungumzia kutembea kwa mgonjwa tunachanganya mambo mawili yanayotoka kwa watu wawili tofauti. Kuna alichoruhusiwa, na hicho anakijua aliyepasua: akanyage kiasi gani, mienendo ipi ni marufuku. Ruhusa haibadiliki usiku wa manane. Inabaki hivyo mpaka mpasuaji aibadilishe. Na kuna anachoweza, na hicho anakijua aliyemsimamisha mara ya mwisho. Uwezo unabadilika kati ya chai na chakula cha mchana. Unabadilishwa na dozi ya tramado ya saa 4 usiku, na njaa, na giza, na dripu iliyomwaga maji mwilini au iliyosahauliwa.

Bibi alikuwa ameruhusiwa kukanyaga na uzito wake wote. Hakuwa anaweza kusimama.

Kitanda namba 11, wodi ya wanaume upande wa pili, palikuwa na kinyume chake: kijana wa bodaboda aliyefungwa bamba la chuma chini ya goti, mkakamavu, anaruka kwa magongo mpaka kantini. Huyo anaweza kila kitu. Hajaruhusiwa kuugusisha mguu ule chini kwa wiki kadhaa. Kwenye ripoti ya usiku ule naye alisomwa hivi: hana shida, anatembea. Wagonjwa wawili wenye hatari zinazopingana, sentensi moja. Ajabu ni kwamba huyu hakuumia, na kwa hiyo hakuna aliyemjadili.

Kinachobaki mkononi

Yanayofuata ni mapendekezo yangu, na nayapanga kwa uzito ninaoupa kila moja.

Kubwa kuliko yote ni ripoti kusema ruhusa na uwezo mbalimbali, na uwezo usemwe pamoja na saa na aliyeuona. "Ameruhusiwa kukanyaga, asichuchumae, asikalie kiti kifupi, asipishanishe miguu. Mara ya mwisho amesimama Ijumaa saa 4 kwa woka na watu wawili, presha ikashuka. Tangu hapo hajasimamishwa." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yangemzuia muuguzi wa usiku. Akisikia siku mbili zimepita bila mtu kumsimamisha, hawezi kujibu "eeh, anatembea". Anayepokea arudie kwa kinywa chake alichosikia. Shirika la Afya Duniani lilipotoa suluhu zake 9 za usalama wa mgonjwa mwaka 2007, makabidhiano ya wagonjwa yalikuwa mojawapo, na nafasi ya kuuliza na kurudia ilikuwemo. Inachukua muda mfupi kwa mgonjwa, na si wote wanaoihitaji: waliopasuliwa, wazee, waliowahi kuanguka, wenye ganzi ambayo haijaisha.

La pili, mtu wa fizio aandike kwenye faili la wodi. Rejista ya idara ibaki kwa hesabu zao za mwezi. Nimeambiwa hili ni gumu kwa sababu kuandika mara mbili ni kazi mara mbili, na ni kweli. Basi rejista ndiyo iwe fupi. Na Ijumaa mchana, kabla ya kufunga ofisi, apite na muuguzi wa zamu vitanda vya waliopasuliwa wiki ile, maana siku mbili zinazofuata hatakuwepo.

La tatu, wahudumu waingie kwenye ripoti. Wao ndio wanaowainua watu, wanaowageuza, wanaowapeleka kuoga. Kuwaacha nje wakipiga deki wakati vitanda vinasomwa ni utaratibu wa zamani ambao sijapata kusikia ukitetewa kwa sababu yoyote ya kitabibu. Na wakiingia wapewe zamu ya kusema. Ule mguu uliogeukia ndani ungefika kwa intani saa 1:30.

Kuhusu ndugu sina mengi. Waambiwe masharti kwa vitendo, waoneshwe kimo cha kiti, wakumbushwe kwamba swala ya kukaa kitini inatosha kwa sasa. Kama kuna shehe au ustadhi anayepita kuwaona wagonjwa, yeye ataliweka hilo vizuri kuliko sisi.

Halafu kuna choo. Mawasiliano mazuri kabisa kwenye wodi yenye choo cha kuchuchumaa peke yake ni kumwambia bibi asifanye jambo huku huna pa kumpeleka. Fundi seremala wa mtaani anatengeneza kiti cha mbao chenye tundu, ndoo chini, mikono ya kushikia pembeni, kimo chake kikiwa juu ya magoti ya mkaaji. Viwili kwa wodi vingetosha kuanzia, na pazia refu.

Kuna wodi zinazotumia kadi ya kichwani mwa kitanda, yenye mchoro wa mguu, woka na idadi ya wasaidizi. Naipenda, kwa sababu mhudumu anaiona saa 11 alfajiri bila kumsumbua mtu. Udhaifu wake nimeuona kwa macho: kadi ya mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani juzi inaning'inia juu ya mgonjwa aliyelazwa leo, naye ana mguu tofauti. Kwa hiyo kadi iwe na tarehe na zamu, iandikwe upya kila ripoti ya asubuhi, na isiyo na tarehe ya siku hiyo ihesabiwe kuwa haipo. Mgonjwa asiye na kadi ya siku hiyo asishuke mpaka muuguzi amketishe, ampime presha akiwa amelala na akiwa amesimama, na aandike alichokiona.

Zamu ya usiku yenye muuguzi mmoja itasema haina watu wawili wa kumsimamisha mtu. Hilo kadi haiwezi kulitatua, na ndilo la kupeleka kwa katibu wa hospitali, likiwa na namba za vitanda na saa zake.